Vipande vya zulia: kabla hujatia gundi, soma mjadala huu

Fundi Sakafu

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Wiki iliyopita nimeng'oa vipande 140 vya zulia nilivyovitandika kwa mikono yangu mwenyewe. Ni ofisi moja ya chini hapa mjini Unguja, chumba cha mita 5 kwa 7. Nilikitandika mwezi wa Aprili, masika yanamwagika, na sakafu ya saruji ilikuwa na wiki tatu tu tangu kumwagwa. Mwenye ofisi alitaka kufungua, nami nikaona haya kumwambia asubiri. Miezi mitano baadaye pembe zikaanza kujikunja. Halafu ikaja harufu, ile ya nguo iliyosahauliwa ndooni. Nilipokivuta kipande cha kwanza, gundi imekuwa ute na mgongo wa zulia umeota ukungu mweusi. Kosa lilikuwa langu, na nimemtandikia upya bila ya ujira. Lakini naona watu wengi sasa wananunua vipande hivi, wa majumbani na wa maofisini, na wengi wanatandikiwa vile vile kama nilivyotandika mimi siku ile.

Tunazungumzia kipande cha sentimita 50 kwa 50, vinne vinatimia mita moja ya mraba. Wauzaji wengine wanaviita kapeti taili. Boksi mara nyingi lina vipande 20, yaani mita za mraba 5, ila soma maandishi ya boksi kwa sababu yapo ya vipande 16. Vipo pia vya inchi 24, vilivyokusudiwa soko la Marekani. Hivyo ni kama sentimita 61, havichanganyiki na vya 50.

Kwangu mimi sababu ya kununua vipande badala ya zulia la roli ni moja: kipande kinainuka. Mtoto amekojoa katikati ya ukumbi. Zulia la roli, ukuta hadi ukuta, utalimwagia maji vipi mpaka utosheke kuwa limetoharika, na maji hayo yatatokea wapi? Kipande unakinyanyua, unakipeleka uwani, unakifungulia bomba mpaka maji yatiririke safi, kikikauka unakirudisha mahala pake. Mchuzi ukimwagika, kiti kikichoma tundu, bomba la jiko likipasuka, ni hivyo hivyo. Sasa fundi akikugandishia kila kipande kwa gundi nzito isiyobanduka, amekuuzia roli lililokatwakatwa. Umelipa bei ya vipande na faida yake hunayo.

Kwa hiyo kila ninachosema hapa chini kinarudi pale pale: kiinuke.

Kuchagua. Gusa uzi, kisha geuza kipande utazame mgongo. Uzi wa nailoni ni ghali zaidi, lakini ukiwekewa mguu wa kiti na kiti kikaondolewa, unasimama tena. Polipropilini haishiki maji wala rangi ya chai haiingii ndani yake kwa urahisi, na bei yake ni nafuu, ila inalala. Njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye meza utaiona imechorwa baada ya mwaka. Tena mafuta yanaigandia. Kwa chumba cha kulala polipropilini inatosha kabisa. Kwa ofisi inayopokea watu kutwa na viatu vyao, nunua nailoni hata kama itabidi utandike nusu sasa na nusu baadaye.

Uliza pia rangi imetiwaje. Kuna uzi uliotiwa rangi kabla haujawa uzi, rangi iko mpaka ndani kama karoti. Na kuna uliopakwa nje kama biringani, ukichunika ndani mweupe. Kwa jua letu linaloingia dirishani na kwa sabuni zetu kali, tafuta karoti.

Halafu sura ya uzi. Vya ofisini vingi ni vitanzi, uzi unatoka na kurudi haukukatwa. Vinastahamili sana, isipokuwa mtu mwenye paka. Paka akinasa kucha kwenye kitanzi anakivuta mstari mzima. Nyumba zetu nyingi paka anaingia apendapo, basi kwa nyumbani tazama vyenye uzi uliokatwa.

Vinavyotoka Ulaya vina namba ya darasa: 21 hadi 23 ni vya nyumbani, 31 hadi 33 ni vya biashara, na kila namba ikipanda ndivyo vinavyohimili miguu mingi zaidi. Muuzaji akikwambia "hii ya ofisi" mwombe akuoneshe namba.

Mwisho wa kuchagua ni boksi zenyewe. Tazama namba ya mzigo wa rangi iliyopigwa ubavuni, maboksi yote yawe na namba ile ile moja. Kijivu cha mzigo wa Januari na kijivu cha mzigo wa Juni si kijivu kimoja, na utaligundua hilo jioni taa zikiwashwa.

Sakafu nitaieleza kwenye maoni ya pili, hii imekuwa ndefu.

Fundi Sakafu

Sakafu sasa, na hapa ndipo nilipoanguka.

Tumezoea kusema saruji inapevuka siku 28. Ni kweli kwa nguvu. Kukauka maji ni habari nyingine. Hesabu ya mafundi ni takriban milimita moja kwa siku, na hiyo ni kwa hewa kavu. Sakafu ya sentimita 5 ni siku 50, si wiki tatu. Na hewa yetu ya masika si kavu. Maji yaliyobaki ndani ya saruji yanapanda juu, na yanapanda yakiwa makali kama ya magadi. Yakikuta mgongo wa zulia wa plastiki au wa lami hayana pa kutokea, yanakaa pale pale yanakula gundi. Ule ute mweupe nilioukuta ndio huo.

Jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya: chukua karatasi ya plastiki safi, ukubwa wa kipande kimoja cha zulia, uibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne pasiingie hewa. Iache saa 24. Ukiikuta ina matone kwa ndani, au saruji chini yake imekuwa nyeusi kuliko ya jirani, usitandike. Jaribu pembe mbili tatu, na karibu na ukuta wa choo. Ikiwa kavu bado si leseni kamili, kwa sababu inakupa habari za juu tu. Kazi kubwa ya ofisi itafutiwe kipimo cha haigromita, chombo cha kupimia unyevu. Waingereza kiwango chao unyevu wa hewa unaopimwa juu ya sakafu usizidi asilimia 75.

Na kama chini ya saruji hapakuwekwa plastiki ya kuzuia maji ya ardhini, utangoja mpaka uchoke. Unyevu utapanda kila masika. Chumba hicho ni cha marumaru na mkeka juu yake, basi. Sioni aibu tena kumwambia mteja hivyo.

Mkaazi wa Fuoni

Waalaykum salaam fundi. Ahsante sana, hapa nimefaidika. Nina ukumbi wa futi 12 kwa 14, nyumba mpya, ndiyo kwanza tumehamia. Muuzaji kanipigia hesabu kaniambia vipande 63, akaongeza asilimia 10, ikawa 70. Nimpe pesa? Nataka viwe vimeshatandikwa kabla ya Idi.

Fundi Sakafu

Ndugu yangu, usimpe bado. Hakukudanganya, ila amepima eneo, hakupima safu.

Chukua futi kamba upime kwa sentimita. Futi 12 ni kama 366, futi 14 ni kama 427. Sisi hatuanzii ukutani, kwa sababu kuta zetu si nyoofu na ukianzia ukutani upotofu wake utaubeba mpaka upande wa pili. Tunaanzia katikati. Piga mistari miwili ya chaki inayokatana katikati ya chumba. Hakikisha inakatana sawasawa: pima futi 3 kwenye mstari mmoja, futi 4 kwenye mwingine, na kutoka alama hadi alama pawe futi 5 kamili. Isipokuwa 5, mstari mmoja umelala.

Sasa tazama upande wa 366. Nusu yake ni 183. Vipande vitatu kutoka katikati ni 150, zinabaki 33 hadi ukutani. Vizuri, kipande cha ukutani kisipungue nusu, yaani 25. Upande wa 427, nusu yake ni 213 na nusu. Vipande vinne ni 200, zinabaki 13 na nusu. Huo ni ukanda mwembamba, utakuwa unanyanyuka kila ukifagia. Basi usogeze mstari sentimita 25, kipande cha kwanza kikae katikati yake juu ya mstari wa chumba. Sasa kila upande zinabaki 38 na nusu. Umepona.

Hesabu safu: upande mmoja sita vizima na viwili vya kukata, ni 8. Upande wa pili saba vizima na viwili vya kukata, ni 9. Nane mara tisa ni 72. Na vibaki vya kukata havikufai kitu, upande mmoja vinabaki sentimita 17, wa pili 11 na nusu. Kwa hiyo 70 zingekuishia pembeni mwa mlango usiku wa kuamkia Idi. Nunua maboksi manne ya 20, upate 80. Vile 8 vya ziada usivirudishe dukani wala usimpe jirani. Viweke vimelala chini ya kitanda, ndivyo vitakavyokuokoa miaka mitano ijayo mtindo huo wa rangi utakapokuwa haupo tena.

Na kabla ya yote, umefanya lile jaribio la plastiki? Umesema nyumba mpya.

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Fundi, mwanangu, nakusoma. Mimi nakaa nyumba ya zamani, ghorofa ya kwanza, sakafu ya chokaa juu ya boriti. Wanangu walioko nje wanataka kuniwekea zulia hili kwa sababu magoti yangu yanaumwa na sakafu ina mawimbi. Fundi mmoja kaja, kasema atamwaga saruji kwanza ainyooshe, halafu abandike. Wewe unaonaje?

Fundi Sakafu

Shikamoo bi mkubwa. Mwambie asimwage.

Nyumba za Mji Mkongwe zinapumua. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinakunywa unyevu na zinautoa, mchana na usiku. Sakafu yako ya chokaa inafanya hivyo hivyo. Ukiifunika kwa saruji, kwanza umeongeza uzito juu ya boriti ambazo hujui zina hali gani kwenye ncha zake ndani ya ukuta. Pili umeziba pumzi, na unyevu utatafuta njia nyengine, utatokea ukutani na chumvi yake, plasta ianze kupukutika. Ukija kuibandua saruji, chokaa inatoka nayo. Na gundi juu ya chokaa ni hivyo hivyo, ukivuta kipande unavuta sakafu.

Tena Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na nyumba hizi zina Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji. Jambo la kubadili sakafu wanafaa waulizwe kabla, wana watu wanaoijua chokaa.

Kwa magoti yako, mimi ningekushauri hivi. Mawimbi yarekebishwe kwa chokaa na fundi wa chokaa. Halafu chini tandika mkeka wa ukili, juu yake zulia la kawaida la kuhamishika pale unaposalia na pale unapokaa. Linainuliwa kila wiki, sakafu inapata hewa. Ni kazi ninayoikosa mimi, lakini sitaki kuisikia nyumba yako imeharibika kwa sababu yangu.

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Marahaba mwanangu. Nitawapigia leo. Mungu akuzidishie.

Kijana wa Jambiani

Kaka, mimi nina vyumba sita vya wageni pwani, vinne vya chini. Nifunge mkanda ninunue vya nailoni vyote?

Fundi Sakafu

Vya chini usitie. Mchanga wenu ni laini, unaingia mpaka kwenye mzizi wa uzi na hautoki kwa ufagio, na kila mguu unaokanyaga unausugua kama msasa. Utaona uzi umekatika bila ya kujua nani kaukata. Wazee wetu waliweka mtungi na kata mlangoni watu wakaosha miguu kabla ya kupanda barazani, na ukiwarudishia wageni wako mtungi huo, vile viwili vya juu vitadumu. Kama una ofisi ya mapokezi juu, tandika huko.

Mshoni wa Wete

Assalaam alaykum. Mimi niko Pemba, nina duka la ushoni, cherehani nne. Nataka duka lipendeze na wateja wakae vizuri. Huku hakuna fundi wa kazi hii, nataka nifanye mwenyewe na mdogo wangu. Inawezekana?

Fundi Sakafu

Waalaykum salaam dada. Inawezekana, na kwa kweli hii ni kazi ya sakafu iliyo rahisi kuliko zote. Ila usitandike chini ya cherehani. Sindano na pini zikianguka kwenye marumaru zinalia na zinaonekana. Kwenye zulia zinajificha zimesimama, na wateja wako wanavua viatu. Mafuta ya cherehani nayo ndiyo doa ambalo hutoki nalo. Tandika upande wa wateja peke yake, na mwisho wa zulia weka ule ukingo wa aluminiamu ili mtu asijikwae.

Kazi yenyewe, kwa urefu, kwa kuwa unaifanya mwenyewe:

Fungua maboksi, vipande vikae ndani ya duka siku nzima, saa 24, vizoee joto la chumba. Vilivyopigwa jua bandarini Mkoani ukivitandika hapo hapo, usiku vitanywea na utaona nafasi. Vilaze, usivisimamishe ukutani.

Fagia, kisha pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha acha ikauke. Vumbi ndilo adui wa gundi. Kama ni marumaru, mistari baina yake isiwe na kina kirefu, la sivyo itajichora juu ya zulia.

Piga mistari kama nilivyomweleza ndugu wa Fuoni. Halafu tandika kavu, bila ya gundi, angalau safu mbili za msalaba. Geuza kila kipande utazame nyuma, kuna mshale. Ndio mwelekeo wa uzi. Mishale yote ikielekea upande mmoja, zulia litaonekana kama roli moja, lakini kosa dogo la mkato litaonekana pia. Ukikigeuza kila kipande robo, mmoja unatazama kibla mwingine unatazama kando, unapata sura ya dama, nayo inasitiri makosa. Kwa mtu anayeanza, nakushauri dama. Tazama tu maelekezo ya boksi, vipo vipande vyenye michoro ambavyo havitaki kugeuzwa.

Bana vipande vigusane, lakini usivisukume kwa nguvu. Ukivibana sana, vitapanda katikati kama mgongo wa kobe siku ya joto. Ukipanga, pitisha vidole kwenye viungo uhakikishe kwamba hujakaba uzi katikati, ukaonekana mstari.

Gundi sasa. Omba gundi ya kunata, ile inayopakwa kwa rola, nyembamba, nyeupe kama maziwa. Unaingoja mpaka ibadilike iwe angavu, ukiigusa inanata kidoleni lakini haikufuati. Hapo ndipo unatandika. Ukitandika ingali nyeupe, umeifungia maji ndani na itagandisha moja kwa moja. Hii ya kunata inazuia kipande kutembea, lakini ukikivuta juu kwa pembe kinakuja. Wengine hutumia stika za pembeni, zinashika vipande vinne vinapokutana wala hazigusi sakafu kabisa. Kwa duka la kupanga hizo ndizo nzuri, mwenye nyumba hatakudai sakafu yake. Utepe wa pande mbili si mbaya kwa eneo dogo, ila kwa joto letu gundi yake inayeyuka ikabaki sakafuni.

Kukata: kata kwa nyuma, rula ya chuma, kisu chenye wembe mpya. Usijaribu kukimaliza kwa mpigo mmoja. Pitisha mara mbili tatu, kisha kivunje. Ili kupata kipimo cha ukutani bila ya futi kamba, weka kipande sawasawa juu ya kizima cha mwisho kilichotandikwa, kisha chukua kingine ukisukume mpaka ukutani juu yake. Pale ukingo wa hicho cha juu unapoishia ndipo pa kukata kile cha kati. Ile sehemu ya cha kati isiyofunikwa inakaa penye pengo kama imepimwa na mashine, hata ukuta ukiwa umepinda.

Mkaazi wa Michenzani

Fundi samahani nadandia. Sisi tuko flati ya juu, watoto wanakimbia, jirani wa chini analalamika kila siku. Vinasaidia?

Fundi Sakafu

Vinasaidia sana kwa sauti za miguu na viti kuburuzwa. Chagua vyenye mgongo mnene laini. Kwa muziki havisaidii.

Mshoni wa Wete

Nimekuelewa kaka, tutaanza Jumamosi. Swali la mwisho. Wateja wangu wanapenda kuja na urojo wao. Ukimwagika?

Fundi Sakafu

Dada, swali zuri kuliko yote. Urojo una manjano, na manjano inashika nailoni.

Kwanza chota kwa kijiko, halafu gandamiza kwa kitambaa kikavu. Usisugue, unaisukuma chini. Kisha kiinue kipande hicho, ukioshe nje kwa maji na sabuni ya maji kidogo, ukisuuze mpaka povu liishe. Litabaki doa la njano. Usikimbilie dawa ya kung'arisha nguo, itaondoa na rangi ya zulia. Kianike juani kikiwa kimelala juu ya kitu kilichonyooka, uzi juu. Manjano inakimbia jua, baada ya siku mbili tatu utaiona imefifia. Usikitundike kwenye kamba, kitapinda na hakitalala tena. Wakati kinakauka, weka kimoja cha akiba.

Mkaazi wa Fuoni

Fundi, nimerudi. Niliweka plastiki jana adhuhuri, pembe tatu. Leo nimeifungua: mbili kavu, ya tatu ukuta wa choo ina matone kabisa, unaweza kuandika kwa kidole. Pesa sijampa. Nyumbani wamekasirika kidogo kuhusu Idi.

Fundi Sakafu

Pembe mbili kavu ni habari njema, maana yake sakafu yako yenyewe inaelekea kukauka. Hiyo ya tatu inanuka bomba. Funga mabomba yote ya ndani usiku asitumie mtu maji, isome mita ya maji kabla ya kulala na alfajiri. Ikiwa imesogea, bomba linavuja chini ya ukuta, mwite fundi bomba kwanza. Ikiwa haikusogea, fungua madirisha, washa feni, urudie plastiki hapo hapo baada ya wiki mbili. Idi hii tandikeni mkeka na mazulia mliyonayo, na maboksi yako manne mwambie muuzaji akuwekee yenye namba ile ile moja ya mzigo.